Memphis 2006 hadi 2010: Mzungu ashinda mchujo mara tatu kwenye ngome ya Weusi. Ni chama, ni rangi, au ni hesabu tu?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa uchaguzi wa Marekani ukifika, humu jukwaani hurudi wimbo ule ule: Weusi wa kule wanapigia rangi, na rangi ikikosekana wanapigia Democrat kwa mazoea. Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye nyuzi za watu, leo nafungua wangu. Ya Obama na Hillary tuliyamaliza zamani. Mimi nawapeleka Memphis, jimbo la Tennessee, eneo bunge namba 9.

Memphis ndipo alipouawa Martin Luther King, Aprili 1968, alipokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliokuwa kwenye mgomo. Miaka sita baadaye, 1974, eneo hilo likampeleka bungeni Harold Ford, Mweusi wa kwanza kutoka Tennessee kuingia kwenye Bunge la Washington. Familia yake ina biashara ya mazishi. Mtu aliyekuzikia baba kwa heshima hahitaji kujitambulisha akija kuomba kura. Ford alikuwa na utaratibu wake: kila uchaguzi anachapisha karatasi ya mfano yenye majina anayoyakubali, kuanzia rais hadi mjumbe wa bodi ya shule, nayo inagawiwa mlangoni kwa wapiga kura. Mtu anaingia nayo ndani, ananakili. Wenzetu wa Kenya wanaijua biashara hiyo ya kupiga kura suti nzima.

1996 mzee akamwachia kiti mwanawe, Harold Ford Jr., akiwa na miaka 26 tu. Kijana akakaa miaka kumi, kisha 2006 akaona aende Seneti. Kiti kilichokuwa cha familia ya Ford kwa miaka 32 kikabaki wazi, na kwenye kura za maoni za Democrat wakajitokeza wagombea 15, wengi wao Weusi.

Akashinda Steve Cohen. Mzungu, Myahudi, aliyekaa kwenye Seneti ya jimbo zaidi ya miaka ishirini na kusifika kwa kupigania bahati nasibu ya serikali, ambayo mapato yake yanalipia wanafunzi karo ya chuo. Alipata asilimia 31. Wa pili alikuwa Nikki Tinker, mwanasheria Mweusi aliyewahi kuongoza kampeni ya Ford Jr., akiwa na 25.

Hapo watu wakasema bahati, kura za Weusi zimegawanyika. Ni kweli ziligawanyika, na Tennessee haina duru ya pili kwenye kura za mchujo, anayeongoza ndiye huyo huyo. Kwa hiyo 2008 wakajipanga: safari hii Tinker na Cohen uso kwa uso, mtu asigawe kura.

Mambo yakachafuka. Tinker alitoa tangazo la televisheni lililomweka Cohen pamoja na picha ya mtu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu la kuwatisha na kuwaua Weusi, aliyevaa kofia yao. Hoja yenyewe ilikuwa sanamu ya Nathan Bedford Forrest, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, aliyekuwa mfanyabiashara wa watumwa na mkuu wa kwanza wa Klan, iliyosimama kwenye bustani mjini. Cohen, akiwa kwenye kamati ya mji 2005, alipiga kura kupinga bustani ile ibadilishwe jina. Tangazo la pili likamsema kwamba anakuja kusali kwenye makanisa yetu huku bungeni anapinga sala shuleni. Na mchungaji mmoja kutoka Murfreesboro, ambako si eneo bunge hilo hata kidogo, akasambaza makaratasi ya kuwashambulia Wayahudi.

Kura zikapigwa Agosti 7, 2008. Cohen asilimia 79, Tinker 19.

Sasa fanya hesabu. Karibu watu sita kati ya kumi wa eneo lile ni Weusi. Tuseme siku hiyo Wazungu walijitokeza kwa wingi hadi wakawa nusu ya wapiga kura, na wote, bila kubaki hata mmoja, wakampa Cohen. Bado anahitaji 29 nyingine kutoka kwenye ile 50 ya Weusi ili afike 79. Yaani hata ukimpendelea anayedai ni kura za rangi kiasi hicho, Weusi wengi walimpa Mzungu dhidi ya Mweusi mwenzao.

Na ni Weusi hao hao ambao Februari mwaka ule ule walimfanya Obama ashinde Shelby, kaunti ya Memphis, ilhali jimbo zima la Tennessee lilikwenda kwa Hillary. Miezi sita tu. Anayesema wanapigia rangi anieleze Agosti. Anayesema hawaangalii rangi kabisa anieleze Februari.

Karibuni.

#2 Mdau wa Tandika

Mkuu umeandika vizuri ila umezunguka mbuyu. Jibu ni jepesi: chama. Cohen alikuwa mbunge tayari, ana ofisi, ana hela, ana picha na kila mchungaji. Aliye madarakani haangushwi kirahisi popote duniani. Weka mtu wa kijani pale, akiwa na tiketi atapita.

#3 Mleta uzi

Mdau wa Tandika, hilo la aliye madarakani linaeleza ushindi, halielezi 79. Angeweza kushinda hata kwa 55, kwa 60. Halafu kumbuka hapa tiketi ndiyo inayogombewa. Kwenye mchujo wote wawili ni Democrat, kwa hiyo utii kwa chama hausaidii kuchagua kati yao. Kazi yake unaiona baadaye, Novemba, kwenye uchaguzi mkuu.

Tena Novemba 2006 ilikuja vizuri mno kwa swali letu. Baada ya Cohen kushinda mchujo, Jake Ford, mdogo wake Ford Jr., akagombea kiti kile kile akiwa mgombea binafsi. Kwa hiyo kwenye karatasi kulikuwa na jina la Ford, Mweusi, bila chama, dhidi ya Mzungu mwenye tiketi ya Democrat. Cohen akapata kama 60, Jake Ford 22, aliyebaki ni mtu wa Republican. Hapo ndipo chama kilipoongea: jina kubwa kuliko yote mjini liliposhuka kwenye basi la chama, abiria hawakushuka nalo.

#4 Msomaji wa Memphis

Niko hapa mjini, nafanya kazi za usiku kwenye maghala ya mizigo karibu na uwanja wa ndege kama Waswahili wengine wengi hapa, Wakongomani hasa. 2008 sikuwepo, nawaambia ninayoyaona siku hizi.

Kituo changu cha kura ni kanisa. Sheria inakataza kampeni ndani ya futi 100 kutoka mlangoni, kwa hiyo ile mita thelathini imewekwa alama na wagawa karatasi wamejipanga hapo hapo kwenye mstari kama wapiga debe wa stendi. Karatasi za majina zipo mpaka leo, ila si ya familia moja tena. Unapewa tano, sita, kila moja inadai ndiyo ya "Democrat halisi", na nyingine ukiangalia vizuri mgombea amelipia jina lake kuwekwa. Mama mmoja mtu mzima mbele yangu alizipokea zote kwa adabu, akasema asante mwanangu kwa kila mmoja, akafika kwenye pipa akazitupa zote akaingia ndani.

Kuhusu Cohen, jirani yangu ni mzee Mweusi wa hapa hapa. Nilimuuliza kwa nini wanampa Mzungu kila mwaka. Akaniambia alikuwa na tatizo la mafao ya uzeeni, akapiga simu ofisini kwake, likaisha. Basi. Nilitegemea hotuba ya historia, nikapewa habari ya simu.

#5 Mtoa hoja mkaidi

Nyie mnapamba. Memphis hiyo hiyo mnayoisifia, 1991 ilipiga kura za rangi tupu. Willie Herenton, aliyekuwa mkuu wa shule za mji, alimshinda meya Mzungu Dick Hackett kwa kura 142. Mia moja na arobaini na mbili kwenye mji mzima! Weusi karibu wote upande huu, Wazungu karibu wote upande ule. Kisha akakaa umeya miaka kumi na saba na zaidi. Mleta uzi amechagua mwaka unaompendeza akaanzia hapo.

#6 Mleta uzi

Mkuu #5, hoja yako ina uzito na nashukuru umeileta, maana ina kitu ndani yake ambacho watu wachache wanakijua.

Herenton 1991 hakufikisha nusu ya kura, alipata 49 na ushee. Kwa kanuni ya zamani ya mji angeingia duru ya pili. Lakini mwaka ule ule jaji wa mahakama ya shirikisho alikuwa ameifuta duru ya pili kwenye uchaguzi wa meya, kwa sababu ilionekana inawakandamiza Weusi: Mweusi anaongoza duru ya kwanza Wazungu wakiwa wamegawanyika, duru ya pili Wazungu wanaungana wanamwangusha. Hilo lilikuwa lalamiko la miaka mingi Kusini yote. Jesse Jackson, mchungaji na mwanaharakati Mweusi, alipogombea urais 1984 alilipeleka hadi kwenye mkutano mkuu wa chama.

Sasa angalia 2006. Anayeongoza bila kufikisha nusu anachukua kiti, na safari hii waliogawanyika ni Weusi, anayefaidika ni Cohen. Ingekuwepo duru ya pili, Tinker angempata peke yake mwaka ule ule, huenda historia ingekuwa nyingine. Kanuni iliyodaiwa kwa ajili ya Weusi kwenye umeya, ndugu yake kwenye ubunge akampa Mzungu kiti.

Ndiyo maana 2006 mimi siitumii kama ushahidi wa chochote kuhusu mioyo ya watu. Ilikuwa hesabu. Ushahidi wangu ni 2008, na 2010, ambapo Herenton mwenyewe, shujaa wa 1991, aliacha umeya akaja kumkabili Cohen. Matokeo: Cohen 79, Herenton 21. Mtu aliyepata karibu kila kura ya Mweusi miaka 19 nyuma. Kwa hiyo kura za rangi za 1991 zilikuwepo, sikatai, ila hazikuwa kitu cha kudumu kwenye damu. Zilikuwa za kufungua mlango uliokuwa umefungwa. Mlango ukishafunguliwa mtu anaanza kuuliza mambo mengine, kama mzee wa simu hapo juu.

#7 Mzee wa Kariakoo

Wanangu, mnakwenda mbali mno. Sisi tuliwahi kuyaona haya nyumbani.

1965, Tanganyika ya chama kimoja. Karibu kila jimbo TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Wote TANU. Kwa lugha ya leo ule ulikuwa mchujo wa chama uliopigiwa kura na wananchi wote. Na ilikuwa marufuku kwenye kampeni kugusa rangi, kabila wala dini, na mikutano ni Kiswahili tu. Derek Bryceson, Mzungu, akasimama Dar es Salaam. Amir Jamal, Mhindi, akasimama Morogoro. Wapinzani wao ni Waafrika. Wakapita wote wawili, tena kwa kishindo. Mwaka ule ule Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu mkubwa wa ushirika wa pamba, akaangushwa kwao Mwanza! Na nafasi yake ya Fedha ikachukuliwa na nani? Jamal.

Miaka minne kabla ya hapo Bunge letu liliwaka moto juu ya nani apewe uraia, wengine wakitaka uwe wa Waafrika tu. Kwa hiyo msidhani watu walikuwa hawaoni rangi. Waliiona sana.

#8 Mdau wa Tandika

Mzee shikamoo. Ila marufuku ile ndiyo tofauti kubwa. Pale Memphis hakuna wa kukataza, tangazo la Klan lilirushwa hewani mchana kweupe.

#9 Mzee wa Kariakoo

Marahaba. Ni kweli, kulikuwa na msimamizi wa chama jukwaani, ukianza maneno hayo unakatwa. Lakini kwenye sanduku hakuna msimamizi. Usiku wa kuamkia kura watu wanaongea vibarazani wanavyotaka.

#10 Mwana wa Kisumu

Watu wangu, hata huku kwetu iko. Shakeel Shabbir, Mkenya wa asili ya Kihindi, alikuwa meya wa Kisumu, halafu 2007 akaingia bunge na tiketi ya ODM. Sasa mtu wa nje atasema: bas, hiyo ni Raila tu, ODM ikisimamisha hata kiti cha plastiki Nyanza kitashinda. Lakini 2017 jamaa alirudi bungeni akiwa mgombea binafsi, bila ODM, pale pale Kisumu East, katikati ya Wajaluo. Hiyo sasa utaielezaje? Chama hakukuwa, kabila hakukuwa. Jamaa anaongea Dholuo, yuko mtaani, anajulikana.

Kwa hivyo mimi nasema Jake Ford alikosa kitu kimoja. Alikuwa na jina, kazi hakuwa nayo.

#11 Mtoa hoja mkaidi

Sawa, nimewasikia. Nileteeni basi jibu la swali la Herenton la 2010, maana nyie mnalikwepa. Kampeni yake ilisimama kwenye maneno mawili: mmoja tu. Tennessee ina wabunge tisa na maseneta wawili, jumla kumi na moja. Wote Wazungu. Akauliza, kwenye jimbo lenye Weusi wengi kiasi hiki hatustahili hata mmoja? Si kwamba Cohen ni mbaya. Anauliza mbona wa kwenu kumi na moja na wetu hakuna.

Na msiniletee habari ya azimio la kuomba radhi kwa utumwa. Najua Cohen ndiye aliyelipitisha Baraza la Wawakilishi Julai 2008, wiki moja na siku kadhaa kabla ya mchujo! Mnaona tarehe hiyo?

#12 Msomaji wa Minneapolis

Tarehe nimeiona na nimecheka. Lakini azimio lile alilileta mapema 2007, si wiki ile. Na tusisahau aliposhinda alitaka kujiunga na Congressional Black Caucus, lile kundi la wabunge Weusi, akaambiwa hapana, hili ni la Weusi. Akakubali yakaisha. Wachungaji kadhaa wa Kibaptisti pale Memphis nao walimgeuka 2007 kwa sababu aliunga mkono sheria ya uhalifu wa chuki inayowalinda mashoga. Sasa angalia: wabunge Weusi wenzake kwenye chama karibu wote waliipigia kura sheria hiyo hiyo. Wachungaji hawakuwa na shida ya rangi tu, walikuwa na shida ya dini, na rangi ilikuwa njia rahisi ya kuisema.

Halafu Obama. Siku ya kura 2008 alitoa tamko la kulaani matangazo ya Tinker. 2010, akiwa rais, alimuunga mkono Cohen dhidi ya Herenton.

#13 Mleta uzi

Mkuu #11, sitalikwepa. Swali la Herenton ni halali kabisa, na mimi ningekuwa mkazi wa pale lingeninyima usingizi. Kilichonikera ni mahali alipolipeleka.

Nilisema Ford Jr. aliacha kiti 2006 aende Seneti. Kura hizo zilipigwa siku moja na za Cohen, Novemba 7, 2006, karatasi moja. Ford alikuwa na Bob Corker wa Republican, mchuano wa karibu sana. Wiki za mwisho, kamati ya taifa ya Republican ikarusha tangazo lenye mwanamke Mzungu, mabega wazi, anadai alikutana na Harold kwenye sherehe ya Playboy, jarida la picha za uchi, mwishoni anakonyeza na kumwambia Harold ampigie simu. Mtu yeyote aliyekulia Kusini anaelewa picha hiyo inatekenya nini: mwanamume Mweusi na mwanamke Mzungu. Watu wameuawa kwa kamba juu ya hilo. Corker mwenyewe alisema tangazo liondolewe. Ford akashindwa, 51 kwa 48.

Kwa hiyo siku hiyo hiyo mpiga kura Mweusi wa Memphis alipiga kura mbili. Moja alimpa Mzungu, akashinda. Nyingine alimpa Mweusi, na Tennessee nje ya Memphis ikamkataa. Halafu 2010 anakuja Herenton anamwambia mpiga kura huyo huyo kwamba ukosefu wa Mweusi kwenye ile kumi na moja ni deni lake yeye. Kwa nini yeye? Viti kumi vingine viko wapi? Nenda Knoxville, nenda Chattanooga, nenda kaunti zenye Wazungu asilimia tisini ukawaulize wao kwanza hiyo "mmoja tu".

#14 Mtoa hoja mkaidi

Hapo umenibana kidogo, ila usilitwishe tangazo kila kitu. Ford alikuwa na mizigo yake pia: baba yake mkubwa John Ford, seneta wa jimbo, alikamatwa 2005 kwenye mtego wa rushwa wa FBI, na Tennessee tayari ilikuwa imeanza kuhamia Republican. Al Gore mwenyewe, Mzungu, mwana wa Tennessee, alishindwa kwao alipogombea urais 2000.

#15 Mleta uzi

Kweli tupu. Gore angeshinda kwao angekuwa rais bila kuhitaji Florida, jimbo lililoamua uchaguzi ule. Pointi tatu za Ford sijui nimgawie nani ngapi, tangazo, baba mkubwa au chama, na anayekwambia anajua mgawanyo huo anakuuzia kitu.

#16 Msomaji wa Memphis

Sanamu ya Forrest iliondolewa Desemba 2017, usiku. Sheria ya jimbo ilikuwa inauzuia mji kuitoa, kwa hiyo halmashauri iliiuza bustani kwa asasi binafsi, wakaing'oa saa ile ile. Ukipita sasa hivi huoni kitu.